Mafua ya Kluska

Jumamosi asubuhi Irmina alionja nyama ya kababu, kama alivyoionja kila Jumamosi tangu kimo chake kilipofika meza ya jikoni. Kuku wa kusaga, yai, kitunguu cha kukaanga, chenga za mkate, pilipili manga, chumvi. Ukishakanda, unachota kwa ncha ya kidole, unaonja. Mbichi, ndiyo! Sasa utajuaje kama chumvi imekolea, upige ramli? Mama yake alionja hivyo, bibi yake alionja hivyo, na mtaa mzima wa Czuby pale mjini Lublin, ikifika saa nne ya Jumamosi, wanawake wamesimama majikoni, kidole mdomoni, wanatafakari chumvi. Kinachobaki kidoleni ni haki ya paka. Kluska aliijua zamu yake. Alikuwa amekwisha kukaa chini ya meza, amenyoosha shingo, na Irmina akainama akampa alambe.

Alikuwa paka wa kijivu, mnene, mvivu, aliyepewa jina la donge la unga wa kuchemsha, na hakuna aliyemwona akauliza kwa nini. Wala hakuwa paka wa Irmina, hilo lieleweke. Alikuwa wa Norbert, mwanawe wa pekee, aliyemwokota kwenye eneo la ujenzi siku za kujifunza ufundi. Miaka minne iliyopita Norbert alikwenda Norwe kuchomelea meli, akamwacha mama na paka. "Mama, nitunzie Kluska," alisema pale mlangoni. Hakusema jitunze. Irmina alilitia neno hilo moyoni na halikutoka.

Mwaka wa kwanza Norbert alipiga simu Jumapili kwa Jumapili, na nyingine akasahau. Mazungumzo yenyewe dakika tano: hujambo, sijambo, huku baridi, hata huku. Kisha siku moja akasema, "Hebu nionyeshe paka." Irmina akaielekeza simu kwenye kochi, Kluska akapiga mwayo, na Norbert akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo alipiga kila jioni, saa kumi na mbili, akitoka kazini. Nionyeshe paka. Anakula? Mbona kanenepa hivyo? Irmina akawa mshika simu. Aliwaambia watu kwa utani, "Mimi ni mshika simu wa paka," watu wakacheka naye akacheka, lakini hesabu yake alikwisha kuipiga kimyakimya. Paka akiwepo, mwanangu yupo. Paka akiondoka, tunarudi kwenye baridi huku, baridi huko, dakika tano kwa wiki.

Basi fikiria hali yake alipowasha redio Jumapili jioni.

Paka wanakufa, redio ilisema. Poznań, Gdańsk, na hapa hapa Lublin. Mafua ya ndege. Paka anaanza kuhema, miguu inakakamaa, siku mbili tatu amekwisha. Wataalamu walikuwa bado wanakuna vichwa: pengine wanayapata kwa ndege wa porini, pengine uchafu unaingia na viatu vya watu, pengine ni nyama mbichi ya kuku.

Nyama mbichi ya kuku. Irmina aliweka chini bakuli la matunda ya stroberi aliyokuwa akiyakata vikonyo. Akakitazama kidole chake. Akamtazama Kluska, ambaye alikuwa kwenye kochi amelala chali hana hili wala lile, tumbo linapanda na kushuka. Linapanda haraka? Akavaa miwani akahesabu pumzi kwa saa ya ukutani. Akahesabu tena. Usiku huo alilala na paka kifuani ili amsikilize vizuri, na ndiyo kusema hakulala.

Jumatatu aliamka na vita. Mlango wa roshani akaufunga na kuuziba kwa taulo, joto la Juni likabaki ndani. Kababu zilizobaki akazitupa, na ubao wa kukatia nyama, na kisu. Kisu akakirudia pipani akakichemsha. Sakafu akaipiga dawa ya klorini mpaka macho yakamtoka machozi. Viatu vyote vikatolewa nje ya mlango, vikapangwa juu ya tambara lililolowa dawa. Koo lilikuwa likimkwaruza. Akasema ni klorini.

Kisha akasikia hatua za Bwana Zenon kwenye ngazi. Zenon alikuwa mstaafu wa reli, jirani wa mlango wa pili, mjane, na alifuga njiwa wa mashindano kwenye kibanda nyuma ya gereji. Irmina akafungua mlango.

"Bwana Zenon! Simama hapo hapo. Unatoka kwa njiwa?"

"Natoka kwa njiwa, nakwenda kwenye chai. Kuna kosa?"

"Vua viatu."

"Kwenye ngazi?"

"Kwenye ngazi! Hukusikia redio? Paka wanakwisha, wewe unatuletea mavi ya ndege mpaka mlangoni."

"Njiwa wangu wana afya kukushinda, Bi Irmina. Jitazame macho. Umekunywa nini?"

"Sikulala."

"Kwa ajili ya paka?"

"Ulitaka iwe kwa ajili yako?"

Zenon akacheka. "Marehemu mumeo ungemlinda hivi angefika miaka mia."

"Marehemu mume wangu alikwenda na sigara zake, si na njiwa zako. Vua viatu, bwana, usinipandishe presha."

Akavivua. Akapita na soksi zake zenye tundu, viatu mkononi, akampigia saluti ya reli. Irmina akafunga mlango na kukohoa, na hata hapo hakujistukia. Alikuwa na kazi ya kumhesabia paka pumzi.

Saa kumi na mbili simu ilipolia alimwonyesha Norbert paka akiwa mzima. Norbert alikuwa amesikia habari. "Mama, usimtoe nje kabisa. Na nyama mbichi usimpe." "Mimi? Nyama mbichi? Wapi na wapi!" alisema Irmina, na uso ukamchoma, ingawa hakuna aliyekuwa akiuona, maana simu siku zote aliielekeza kwa paka.

Jumanne aliamka mifupa inamuuma yote, kila mmoja kwa jina lake. Kipimajoto kikasema thelathini na nane na nusu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafikiri, mawazo yakamkimbia huku na huku asiweze kuyashika mkia. Kama ni ile nyama, basi nimekwisha, na Kluska amekwisha. Kama si ile nyama, ni nini? Akapiga simu kwenye zahanati.

"Umegusa ndege mgonjwa au aliyekufa?" aliuliza nesi.

"Nimekula kuku."

"Sote tunakula kuku, bibi."

"Mbichi."

"Mbichi vipi?"

"Kuonja chumvi! Wewe kwenu huonji?"

"Mama yangu anaonja," nesi akakiri kwa sauti ya chini. "Subiri nimuulize daktari."

Aliporudi alisema watamtuma mtu akachukue vipimo vya pua, lakini kwa dalili hizo uwezekano mkubwa ni mafua ya kawaida, yanazunguka mjini hata kama msimu wake umepita. Akae ndani, anywe maji mengi. Halafu akaongeza, akiwa kama ameshaanza kukata simu: "Na paka kaa naye mbali. Usimbusu, usilale naye, vaa barakoa ukimlisha. Mafua yetu nao huyapata."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwako, bibi. Kutoka kwa nani tena?"

Irmina alibaki na simu sikioni. Yeye? Alilinda viatu, alilinda roshani, aliwatukana njiwa wa watu, na usiku mbili alilala na paka kifuani akimpumulia puani! Alijisikia kuchanganyikiwa na aibu, na juu ya vyote akaogopa.

Akamchukua Kluska kwa mikono iliyonyooshwa mbele, uso ameugeuzia pembeni, akamfungia katika chumba cha Norbert. Sahani ya chakula aliisukuma kwa ufagio. Kluska alikuwa hajawahi kufungiwa maishani mwake. Alilia, akakwaruza mlango, akalia tena, na Irmina akakaa upande huu wa mlango sakafuni, barakoa usoni, anaunguzwa na homa, anamwambia, "Nyamaza, mama, ni kwa ajili yako. Nyamaza." Alisimama, akaenda jikoni, akasahau alichokifuata, akarudi mlangoni. Siku nzima ilikwenda hivyo.

Saa kumi na mbili simu.

"Mama, mbona giza?"

"Kamera imekufa. Inaonyesha nyeusi tupu."

"Na sauti yako je? Umekuwa na sauti ya mlevi."

"Vumbi. Nilikuwa nafanya usafi."

"Kluska?"

"Amelala."

"Amsha basi nimsikie."

"Niamshe paka ili umsikie? Wewe mtoto una wazimu. Kesho."

Jumatano asubuhi chumba kilikuwa kimya. Irmina aliingia na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Sahani haikuguswa. Kluska alikuwa chini ya kitanda, mdomo wazi, ubavu unapiga mbio. Miguu haikukakamaa, Irmina aliipapasa yote minne, lakini kile kinywa kilichokuwa wazi kilimtosha. Akatoka nduki mpaka mlangoni kwa Zenon, akabisha kwa ngumi, kisha akarudi nyuma hatua nne.

"Usinisogelee! Nina mafua. Paka wangu anakufa. Siwezi kuingia naye kwa daktari, watanifukuza, na kwenye basi nitaambukiza watu. Bwana Zenon, nakuomba."

Zenon alimtazama: nywele timtimu, barakoa mbili, gauni la kulalia juu ya suruali. Angeweza kusema mengi kuhusu njiwa. Alisema tu, "Kikapu kiko wapi?"

"Vaa glavu."

"Ninavaa."

"Na barakoa, na usimpumulie."

"Bi Irmina, nimebeba njiwa kutoka Ubelgiji. Nipe huyo paka."

Akavaa viatu na akashuka naye. Irmina akabaki dirishani akimtazama akivuka uwanja wa maegesho, kikapu amekishika mbali na mwili, anakwenda taratibu asikitikise. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Kwa daktari wa wanyama walimpokea Kluska kwenye mlango wa nyuma, watu wamevaa mavazi ya plastiki mpaka kichwani. Daktari Kalina, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alipiga simu mchana. Amemwekea oksijeni na dripu. Yuko chumba cha peke yake. Sampuli zimepelekwa, majibu kesho kutwa. Hapana, haruhusiwi kuja kumwona, na kwa homa hiyo asithubutu hata kufika getini.

Jioni hiyo Irmina aliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Akatuma ujumbe: niko kwa jirani, Kluska mzima, kamera bado. Alhamisi akatuma: niko kanisani kwenye kwaya. Kwaya na homa ya thelathini na tisa! Norbert akajibu: sawa, mbusu Kluska. Akausoma ujumbe huo mara kumi.

Mtu asimhukumu kwa haraka. Tangu Jumanne alikuwa akiomba siku moja tu zaidi. Leo asijue. Kesho paka atapona, nitamweka mbele ya kamera, itakuwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Alizunguka nyumba na blanketi mabegani, kutoka dirishani kwenda mlangoni, kutoka mlangoni kwenda simuni. Zenon alimletea mchuzi wa kuku na tambi, akauacha kwenye kizingiti, akabisha na kukimbilia kwake. Ulikuwa na chumvi kidogo mno. Aliunywa wote.

Ijumaa Daktari Kalina alipiga.

"Si mafua ya ndege," alisema.

Irmina alikaa chini. "Mungu wangu. Asante. Asante."

"Sikiliza kwanza. Ni mafua ya watu. Na zahanati yako wamekuambia nini?"

"Kwamba nina mafua. Ya kawaida. Walinipigia asubuhi."

"Basi ni hayo hayo. Koo lilianza lini?"

"Jumatatu. Nilidhani ni klorini." Akafikiri. Alhamisi ya wiki iliyotangulia ilikuwa sikukuu ya jina la shemeji yake, yaani siku ya mtakatifu mwenye jina lake, wakamwimbia aishi miaka mia, wakabusiana mashavu mara tatu tatu, na shemeji mwenyewe alikuwa akikohoa kwenye leso, anasema ni vumbi la maua. "Kwa hiyo nyama haina kosa?"

"Nyama tuiache. Usionje tena, lakini si hiyo."

"Ni mimi."

Daktari hakumdanganya. "Ni wewe, bila kujua. Paka wengi hupiga chafya siku mbili wakapona. Huyu ni mzee, na moyo wake una kasoro ya siku nyingi, hakuna aliyeijua. Tunajitahidi."

Kluska alikufa Jumamosi saa tatu asubuhi, saa ambayo kwa kawaida nyama ingekuwa ikitoka kwenye mashine ya kusagia. Zenon ndiye aliyekwenda kulipia na kusaini. Irmina homa ilikuwa imemwachia, mwili umebaki mwepesi, hauna kazi. Alifungua mlango wa roshani uliokuwa umezibwa wiki nzima. Hakukuwa na wa kumfungia tena.

Saa kumi na mbili alipokea simu kwenye mlio wa kwanza. Alikuwa amejiandalia maneno tangu asubuhi, na yote yakamkimbia.

"Norbert, Kluska amekufa. Nimemuua mimi. Nilikuwa na mafua nikalala naye, nikamwambukiza. Kamera haijaharibika. Kwaya sikwenda. Nimekudanganya tangu Jumanne."

Kwa mbali kitu cha chuma kiligongwa, labda bado alikuwa kazini. Kisha pumzi, kisha akasikia mwanawe, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, akilia na kujaribu kuficha.

"Nitakupigia," alisema Norbert, na simu ikakatika.

Basi, imekwisha, alisema Irmina kwa sauti, chumba kizima kikamsikia. Hakukasirika. Alikuwa na deni la kutunza kitu kimoja tu na hakukitunza.

Jumapili haikwisha. Alifua shuka, akazianika, akazianua mbichi. Alikwenda misa ya saa tano, akakaa benchi la mwisho, barakoa usoni, akatoka kabla ya wimbo. Alipika, hakula. Saa kumi na moja alianza kuzipitia sahani za paka, aziweke wapi, azipe nani, akazirudisha zilipokuwa. Zenon alibisha kuuliza kama anataka kuona njiwa wakirudi kutoka mbioni. Akamjibu kwamba anataka kuachwa, na Zenon akasema haya, wanarudi kila Jumapili, hawana haraka. Saa kumi na mbili kasoro tano aliizima sauti ya simu na kuiweka kifudifudi mezani ili asiitazame. Akaitazama hivyo hivyo.

Simu ikatetemeka mezani.

Iliacha. Ikatetemeka tena. Mara ya tatu Irmina akaichukua, na kwa mazoea ya miaka akaielekeza kwenye kochi. Kochi lilikuwa tupu, na blanketi lenye manyoya.

"Mama."

"Leo sina cha kukuonyesha, mwanangu. Unaona mwenyewe."

"Geuza simu."

"Niigeuzie wapi?"

"Kwako."

"Mimi? Nywele hazijaona kitana wiki nzima. Una nini cha kuona kwangu?"

"Ndivyo ulivyosema siku ile," alisema Norbert, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwaka ule wa kwanza. Nilikwambia mama washa kamera nikuone, ukasema kuna nini cha kuona kwa mwanamke mzee, ukakataa. Nikaomba tena, ukakataa. Nikakaa nikafikiri, nikasema basi nionyeshe paka. Ukakubali mara moja! Miaka mitatu natazama paka, mama, nasikia unavyomgombeza, naona mkono wako ukimpapasa. Paka nilimpenda, sikatai. Lakini nilikuwa napiga simu kukuona wewe."

Irmina aliokota unyoya mmoja wa Kluska kwenye blanketi.

"Jana nilikata kwa sababu nililia mbele ya watu kazini," Norbert akaendelea. "Halafu nikakaa nikahesabu. Siku nne una homa ya kukuangusha, na kila jioni unaniambia paka mzima, paka amelala. Ungekufa humo ndani ningejulia wapi? Kwa Bwana Zenon?"

"Nilidhani—"

"Najua ulichodhani. Geuza simu."

Aliigeuza. Ilimchukua muda, kwa sababu miaka yote kioo cha simu kilimtazama paka, na hakujua aishike vipi. Norbert akamwelekeza, juu, hapana, upande wa kulia, hapo. Kwenye kioo ukatokea uso mdogo wa Irmina mwenyewe, na juu yake uso mkubwa wa mwanawe, mwenye ndevu ambazo hakuwa nazo alipoondoka. Walitazamana.

"Umekonda," alisema Norbert.

"Na wewe hujanyoa," alisema Irmina, akijifuta machozi kwa kiganja. "Hebu kaa vizuri, sogea kwenye mwanga, nikuone."